Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuchagua Begi la Kamera Litakalokinga Vifaa Vyako

Waulize wapiga picha wa harusi wana mabegi mangapi ya kamera. Wengi watakutajia matatu au manne, na linalotumika ni moja. Mengine yako juu ya kabati. Moja lilipendeza dukani, lakini lenzi ndefu haikuingia. Jingine lilimeza kila kitu, likamchosha mwenyewe mabega mpaka akaanza kuacha nusu ya vifaa nyumbani. Jingine lina nembo kubwa ya kampuni ya kamera kifuani na sponji hafifu kiunoni.

Chanzo ni kimoja: begi huchaguliwa kwa macho, kwa kuhesabu mifuko ya nje na kuvuta zipu mara moja. Hapa tutakwenda kinyume. Tutaanza na vifaa na namna unavyosafiri navyo, begi lenyewe litafuata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda dukani

- Vifaa vyote unavyobeba kazini, pamoja na chaja, nyaya na betri za akiba
- Futi ya fundi cherehani
- Mizani ya jikoni (ukikosa, muuza duka jirani anayo)
- Karatasi na kalamu
- Maboksi matupu, kisu na selotepu
- Chupa mbili au tatu za maji za lita moja na nusu, zikiwa zimejaa
- Simu yenye tochi

Maboksi na maji yana kazi yake. Si busara kuzunguka Kariakoo siku nzima na kamera mbili shingoni, ukizifungua na kuzifunga katika kila duka. Utatengeneza vifaa bandia vya boksi vyenye ukubwa ule ule, na maji yatakupa uzito. Chupa ya lita moja na nusu ina takriban kilo moja na nusu, karibu sawa kabisa na lenzi ya Canon EF 70-200mm f/2.8, yenye gramu 1,480 kwa toleo lake la tatu. Hata unene unakaribiana.

## Hatua ya 1: Tenga vifaa vya kazi moja ya kawaida

Mwaga kila kitu kitandani. Kisha fikiria kazi unayoifanya mara nyingi zaidi, si ile kubwa inayokuja mara moja kwa mwaka. Kama ni harusi, tenga vile ambavyo huwezi kuingia ukumbini bila kuwa navyo. Kama ni mechi za mpira, tenga vya uwanjani. Vinavyobaki virudishe kabatini kwa muda.

Wengi wanaponea chupuchupu hatua nyingine zote, lakini hii inawaangusha. Wananunua begi la vifaa walivyonavyo, na vya ndugu anayewaazima, na vile wanavyotarajia kununua mwakani. Nafasi tupu ndani ya begi la kamera haina faida. Kifaa kilichokaa kwenye chumba kikubwa kuliko umbo lake kinacheza, na vinavyocheza ndivyo vinavyogongana. Acha nafasi ya lenzi moja tu ya akiba.

Stendi za taa, miavuli na tripodi visiingie kwenye hesabu hii. Vina chuma, vina ncha, na vina begi lake refu. Anayevichanganya na lenzi atakuja kuuliza mkwaruzo umetoka wapi.

Umefaulu ukiwa na orodha fupi ya vitu unavyoweza kuvitaja bila kuvitazama. Kwa mpiga picha wa harusi mara nyingi huwa ni kamera mbili, lenzi tatu, flashi mbili, betri, memori kadi na kitambaa cha kufutia.

## Hatua ya 2: Chukua vipimo na uzito

Pima kila kamera ikiwa na lenzi unayoiacha humo humo. Hakuna anayefungua lenzi kila anapofunga begi, na ukumbini hutapata nafasi ya kufanya hivyo maharusi wakiwa wameshaanza kuingia. Kama hudi ya lenzi (ule mdomo wa mbele wa kukinga mwanga) unaigeuza nyuma unapoihifadhi, pima upana pamoja nayo, kwa sababu huongeza sentimita kadhaa ambazo ndizo zinazokwamisha.

Andika vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Kinachosahaulika ni kimo cha kamera, yaani kutoka kitako hadi juu kabisa pale inapokaa flashi. Kamera ikilazwa kwenye begi la mgongoni, kimo hicho ndicho kinachodai kina cha begi. Canon 5D Mark IV ina kimo cha karibu sentimita 11.6. Begi lenye kina cha ndani cha sentimita 11 litafungwa kwa kulilazimisha, na zipu itakuwa inaisukuma kamera saa zote. Ukiwa na gripu ya betri chini yake, pima pamoja nayo na utafute kina kikubwa zaidi.

Angalia vipimo vya ndani. Karatasi inayoning'inia kwenye begi mara nyingi hutaja vya nje, na sponji ya pande mbili inakula sentimita mbili mpaka tatu.

Sasa viweke kwenye mizani. Huu ni mfano wa seti iliyozoeleka mjini:

- Kamera mbili za 5D Mark IV, kila moja na betri na kadi yake: gramu 1,780
- Lenzi ya EF 24-70mm f/2.8 II: gramu 805
- Lenzi ya EF 70-200mm f/2.8 III: gramu 1,480
- Lenzi ya EF 50mm f/1.8 STM: gramu 160
- Flashi moja ya 600EX II-RT bila betri: gramu 435

Hapo tayari ni zaidi ya kilo 4.6. Weka betri za flashi, betri za akiba, chaja, na begi lenyewe ambalo likiwa tupu linaweza kuwa na kilo moja na nusu au mbili. Unakaribia kilo 7 kabla ya laptop na chupa ya maji.

Mstari wangu ni huu: chini ya kilo 3, begi la bega moja halina neno. Kati ya 3 na 5, libebe la bega moja kama kazi ni ya saa chache na usafiri ni gari. Ukivuka 5, ni la mgongoni, hata kama la bega moja limekupendeza vipi.

Baada ya hapo kata maboksi. Kila kamera na lenzi yake iwe na boksi lake, lenye vipimo sawasawa, na uandike jina juu yake.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye vipimo, jumla ya uzito, na vifaa vyako vyote vya boksi kwenye mfuko mmoja mwepesi.

## Hatua ya 3: Amua umbo kwa kufuata usafiri wako

Swali la hapa ni unafikaje kazini, na ukishafika unakaa wapi.

Daladala na mwendokasi. Begi la mgongoni lenye mwili mwembamba, unaloweza kulivaa kifuani ukiwa umesimama. Pana sana litakugombanisha na abiria. Ukikaa, lipakate. Sakafuni hapana: mtetemo wa sakafu unapanda moja kwa moja hadi kwenye lenzi, na maji ya miguu ya watu siku ya mvua yanaingia kupitia kitako.

Bodaboda. La mgongoni, tena lenye mkanda wa kifua unaounganisha mikanda miwili ili lisitelemke kwenye matuta. Usikubali dereva alifunge kwa mpira kwenye keria. Mwili wako unapunguza mtikisiko, keria haipunguzi chochote. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa, simu ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye chombo, unaweza kuharibu kamera zenye mfumo wa kutuliza picha. Lenzi nyingi za kisasa nazo zina kioo kinachoelea ndani kwa kazi hiyo hiyo.

Gari binafsi. Una uhuru. Hata begi la bega moja lenye mdomo mpana linafaa, kwa kuwa hulibebi mbali.

Basi la mkoani au boti. Kama vifaa vitawekwa kwenye buti pamoja na magunia ya viazi, begi la sponji halitoshi hata liwe la bei gani. Huko ni sanduku gumu la plastiki lenye mpira kwenye mdomo, au vifaa vikae mapajani kwako.

Ndege ndogo za hifadhini. Safari za kwenda viwanja vya Serengeti, au za kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, kwa kawaida zina kikomo cha kilo 15 kwa abiria pamoja na begi la mkononi, na wanataka mabegi laini. Lile sanduku gumu lililokuokoa kwenye basi hapa litakuletea mjadala kaunta. Soma masharti ya tiketi yako kabla ya kununua.

Kuhusu ukumbini: mabegi mengi ya mgongoni yako ya aina mbili, yanayofunguka mbele na yanayofunguka upande unaogusa mgongo. Kwa maoni yangu la pili ndilo la kuchagua, kwa sababu mbili. Likiwa mgongoni, hakuna mkono unaoweza kuifikia zipu kubwa. Na ukilaza begi chini ili ulifungue, linalogusa tope ni upande wa mbele, kwa hiyo ukilivaa tena hupakazi udongo kwenye shati jeupe mbele ya wazazi wa bibi harusi.

Umefaulu ukiweza kusema sentensi moja: "Nataka la mgongoni, linafunguka nyuma, kina sentimita 14, libebe kilo 6." Muuzaji akisikia hivyo anaacha kukuletea kila kilichopo.

## Hatua ya 4: Kagua sponji

Tukae hapa kidogo, kwa kuwa sponji ndiyo unayoilipia. Bila sponji, hilo ni begi la shule.

Sponji ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya godoro: matundu yake yako wazi, ukiibonyeza hewa inatoka yote, inanywa maji, na baada ya muda inalala isirudi. Ya pili matundu yake yamefungwa, kila tundu limebaki na hewa yake. Ni familia moja na ile ya ndala za yeboyebo na vile vizulia vya rangi vya kuunganisha ambavyo watoto huchezea. Hii ya pili ndiyo ya kamera. Mabegi mazuri huchanganya: ngumu ipo nje kuzuia kishindo, laini nyembamba ndani kugusa kifaa.

Fanya jaribio la kidole. Weka kiganja cha kushoto nje ya begi, kimekaa bapa. Kwa ndani, bonyeza kwa kidole gumba cha kulia kuelekea kwenye kiganja hicho, kwa nguvu ile unayobonyezea kengele ya mlango iliyokwama. Ukiihisi ncha ya kidole chako wazi wazi upande wa pili, sponji hiyo haitaizuia sakafu. Ukihisi msukumo mpana tu usio na ncha, endelea. Achia kidole: bonde likijaa mara moja ni dalili njema, likibaki linakutazama weka begi chini.

Rudia jaribio hilo sehemu tano, kwa mpangilio huu:

1. Kitako. Begi halidondoki kwa ubavu, linatua kwa kitako kila unapoliweka chini, mara nyingi kwa siku. Watengenezaji wa bei ya chini wanabana hapa kwa sababu mteja haangalii. Nataka angalau milimita 12 kitakoni.
2. Kona za chini. Sponji ya kitako na ya ubavu mara nyingi hazikutani, unakuta kitambaa kitupu kwenye pembe. Pitisha kidole kwenye mshono wote.
3. Kuta za pembeni. Milimita 10 zinatosha.
4. Kifuniko. Ndicho kinachobanwa na abiria wenzako. Kikiwa kitambaa tu, skrini ya kamera iko hatarini.
5. Kuta za ndani zinazohamishika. Zisimamishe peke yake. Zikijikunja zenyewe, lenzi ya kilo moja na nusu itazilaza siku ya kwanza.

Kisha gonga kitako kwa kifundo cha kidole. Sauti ya boksi ina maana ndani wameweka kipande cha karatasi ngumu ili begi lisimame vizuri dukani. Kikilowa mara moja kinavimba, kinavunjika, na begi linalegea. Plastiki ngumu inatoa mlio mkali zaidi na haijali maji.

Tahadhari. Hakuna sponji inayofanya kazi kama vitu viwili vigumu vinagusana ndani. Flashi juu ya lenzi bila ukuta katikati ni sawa na kuvibeba kwenye rambo. Ukimwona muuzaji anakuonyesha jinsi begi "linavyobeba lenzi sita" kwa kuzipanga mbili mbili juu kwa juu, hizo ni lenzi tatu.

Umefaulu begi likipita sehemu zote tano. Likifeli kitakoni tu, bado linaweza kuokolewa, tutafika huko. Likifeli kona na kuta, liache.

## Hatua ya 5: Zipu, mishono na kitambaa

Zipu kwanza. Ifungue na kuifunga begi likiwa limejaa maboksi yako, ukipita kwenye kona. Zipu nyembamba inapita vizuri kwenye mstari ulionyooka, ikifika konani inakwama au inaacha meno wazi nyuma yake. Ya mlango mkuu iwe pana, na vichwa viwili vyenye tundu ili uweze kupitisha kufuli dogo. Jina la YKK, kampuni maarufu ya zipu, kwenye kichwa cha zipu lisikulevye, linaigizwa.

Mikanda ndiyo inayokatika, na inakatikia pale juu ilipounganishwa na begi. Igeuze uone. Unatafuta mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, uzi mnene, na mkanda uliopita ndani ya mshono wa begi. Mstari mmoja wa uzi hautoshi. Weka chupa zako za maji ndani, shika mkanda mmoja tu, nyanyua begi na ulitikise. Ukisikia uzi unalia, liache.

Kwenye mabegi ya bega moja, kagua ndoano. Ya chuma ni bora. Ya plastiki inakauka kwa jua na kukatika bila taarifa.

Kitambaa: nailoni au poliesta nzito. Ukiona lebo ya 600D au zaidi, ni dalili ya uzi mnene, ingawa hiyo peke yake haisemi mambo yote. Mwombe muuzaji ruhusa ya kudondosha maji kidogo juu. Yakisimama na kuteleza, kuna mpako wa kuzuia maji. Yakizama, mvua ya masika itakufuata hadi ndani. Hata hivyo, hakuna mpako unaozuia mvua ya Aprili ya Dar es Salaam kwa nusu saa, kwa sababu maji yanapita kwenye mishono na zipu. Ndiyo maana begi liwe na koti lake la mvua, lile linalojificha kwenye mfuko wa chini. Livute lote nje dukani, maana mara nyingine mfuko upo na koti halipo.

Kwa wanaonunua mtumba. Mtumba una mabegi mazuri ajabu, mengine hayakuwahi kubeba kitu. Adui wako ni mpako wa ndani ulioanza kuoza. Ingiza mkono, sugua kitambaa cha ndani, kisha tazama vidole. Vikinata, au vikitoka na unga mweupe au maganda kama ya ngozi iliyoungua jua, mpako unaachia. Hautibiki, na maganda hayo yataishia kwenye lenzi. Nusa pia. Harufu ya chumba kilichofungwa ni fangasi, na lenzi inaambukizwa.

Umefaulu zipu ikipita konani kwa mkono mmoja, mshono ukinyamaza, na vidole vikitoka safi.

## Hatua ya 6: Jaza, vaa, tembea

Usilipe kabla ya hii. Panga maboksi ndani kama utakavyopanga vifaa: kizito kikae karibu na mgongo na usawa wa kiuno, chepesi nje na juu. Ongeza chupa za maji mpaka ufikie uzito ulioandika. Funga, vaa, kaza mikanda.

Sasa tembea. Toka nje ya duka na muuzaji akusindikize kama ana wasiwasi. Panda ngazi, inama kama unayefunga kamba ya kiatu, kaa kwenye kiti na begi likiwa mgongoni. Unaangalia mambo haya:

- Mikanda inakaa katikati ya bega, haisogei kuelekea shingoni.
- Uzito unahamia kiunoni ukifunga mkanda wa kiuno. Usipohama, mkanda huo ni urembo.
- Mgongo haugusi kitu kigumu.
- Ukiinama, begi halikurukii kichwani.

Halafu lenye kuamua: toa boksi la lenzi ya pili kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu kana kwamba ni kamera. Kama unalazimika kuliweka begi chini, kupiga magoti na kuondoa vitu vingine kwanza, ndivyo utakavyofanya wakati keki inakatwa.

Muuzaji anayekataa zoezi hili lote usigombane naye. Maduka ni mengi.

Umefaulu ukivaa kwa robo saa bila kutamani kulivua.

## Hatua ya 7: Lipunguzie macho

Begi lenye nembo kubwa ya kampuni ya kamera ni tangazo la thamani ya kilichomo. Kati ya mabegi mawili yanayolingana, chukua lisilo na maandishi, jeusi au la kijivu. Ukishanunua lenye nembo, fundi wa mabegi anaifumua kwa dakika chache kama imeshonwa, au anashonea kiraka juu yake.

Kwenye bodaboda, wezi wa vishandu wanapita na pikipiki au gari na kuvuta. Begi la bega moja lililovaliwa mshazari ni hatari mara mbili: wakivuta, linaondoka na wewe. Kama ndilo ulilonalo, liweke katikati yako na dereva, mkanda ukiwa chini ya mkono. Na kama limevutwa, liachie.

## Hatua ya 8: Ukiwa unapanda ndege

Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini, zinakaa na wewe ndani. Kwa hiyo begi la kamera unalolichagua liwe na mfuko mdogo wa betri, wenye zipu, ambapo kila betri inakaa na kifuniko chake ili vidoa vya chuma visigusane na sarafu au funguo.

Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni saa-wati 100 kwa betri. Kuhesabu ni rahisi: volti mara miliampea-saa, gawanya kwa 1,000. Betri ya LP-E6N ya Canon ina volti 7.2 na miliampea-saa 1,865, ambayo ni kama saa-wati 13.4. Uko mbali na kikomo. Wa kuwa makini ni wenye betri kubwa za taa na za kamera za video. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

## Kama bajeti haitoshi: sponji ndani ya begi la kawaida

Hii siisemi kwa kuwaonea huruma wasio na fedha. Kuna kazi ambazo ningeichagua hata kama fedha ipo, kwa sababu begi la shule lililochakaa halimvutii mwizi.

Tafuta begi imara la kawaida lililopita Hatua ya 5. Nunua vile vizulia vya watoto vya sponji ya matundu yaliyofungwa (EVA), vyenye unene wa milimita 10 hadi 12. Pima ndani ya begi, kata vipande vitano: kitako, na pande nne. Mpelekee fundi wa mabegi, mwambie avifunike kwa kitambaa laini cha manyoya mafupi ambacho velkro inakamata, kisha aviunganishe viwe boksi lisilo na mfuniko. Kuta za ndani zitengenezwe kwa sponji hiyo hiyo na velkro kwenye kingo.

Kitako kiwe na vipande viwili vilivyopishana. Na hapa ndipo unapoliokoa lile begi la dukani lililofeli kitakoni tu: kata kipande kimoja, kiingize chini, kazi imekwisha.

Usigundishe kwa gundi ya viatu ndani kabisa ya begi. Mvuke wake unachukua siku nyingi kuisha, na hutaki ukae karibu na vioo.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza, na unyevu wa Pwani

Begi jipya libaki wazi siku mbili kwenye hewa kabla ya kuingiza vifaa, harufu ya kiwandani itoke. Pitisha tochi ya simu kwenye pembe zote na uondoe nyuzi na vumbi la sponji kwa brashi kavu. Vikiachwa, vitaishia kwenye sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayonasa picha.

Begi likishazoea kazi, usiligeuze kabati. Kwa walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar hili ni kubwa kuliko kudondosha kamera. Sponji inashika unyevu wa mgongo wako na wa mvua, giza lipo, hewa haipiti: fangasi anahitaji nini tena? Anaanza kama utando mdogo wenye nyuzi pembeni ya kioo, na akishakula mpako wa lenzi, kusafisha hakurudishi ulivyokuwa. Ukirudi kazini toa vifaa vyote, acha begi wazi mahali penye hewa, na vifaa viweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu. Ile ya rangi ya bluu ikigeuka pinki imeshiba, badilisha. Vile vyeupe vya kwenye maboksi ya viatu havikuonyeshi kitu, hivyo vibadilishe mara kwa mara.

Sponji nene inakusaidia mahali pamoja ambapo wengi hawajui. Ukitoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi kuelekea ufukweni, kioo baridi kinakutana na hewa ya joto yenye unyevu, na lenzi inalowa ukungu mpaka ndani. Usiifungue zipu. Acha begi likiwa limefungwa nje kivulini kwa nusu saa. Sponji itaruhusu joto lipande polepole, na ukifungua kioo kitakuwa kikavu.

Kila baada ya miezi michache rudia mambo mawili tu: jaribio la kidole kitakoni, na kutazama mshono wa mikanda pale juu. Uzi ukianza kuchomoza, mpelekee fundi siku hiyo hiyo, na umwambie ashone mraba wenye msalaba.